Minofu ya Homa Bay, Faida ya Ng'ambo

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi ya Migori sikupewa kiti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na viti vilikuwa vichache kuliko maafisa. Hata hivyo mimi si mtu wa kutulia, kwa hiyo nilisimama dirishani nikawa nawasumbua wenzangu. Mkadiriaji Mwandamizi, bosi wangu wa kwanza, akaniita. "Wewe kijana, unatafuta nini huko nje?" Nikamwambia natafuta kazi ya kufanya. Akacheka, akaniita ndugu kwa Kijaluo. "Utaipata, omera. Keti hapa kwenye kona ya meza yangu."

Ndivyo nilivyojifunza kazi, kwenye kona ya meza ya mtu. Mkadiriaji, kwa nyinyi ambao leo mnafanyiwa kila kitu na kompyuta, ni afisa anayesoma hesabu za mfanyabiashara na kuamua kodi yake ya mapato. Bosi alirudia kuniambia jambo moja mpaka likanichosha: kampuni haitozwi kodi hii kwa mauzo, inatozwa kwa faida, na faida ni kile kinachobaki baada ya gharama. "Kwa hiyo ukitaka kumjua mtu," alisema, "achana na anachouza. Muulize anamlipa nani." Tulizunguka naye kuanzia maduka ya mjini hadi kwa wauza omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, wala sikumwona akimwonea mtu au kula hongo. Nilimpenda mzee yule kama baba, nasema wazi.

Akastaafu mapema bila kusema kwa nini. Mimi nikahamishiwa Homa Bay.

Huko kulikuwa na kiwanda cha minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, mali ya kampuni ya ng'ambo. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa iliyobaki, mgongo wazi, akina mama waliinunua langoni wakatukaangia sisi wenyeji. Kila mwaka kiwanda kilileta hesabu zenye hasara, na kila mwaka kiliongeza jengo. Jamani! Mtu mwenye hasara anajenga na nini?

Nilienda nikidhani nakwenda kumkamata mwizi. Meneja akanifungulia makabati yote, akaniletea na chai. Hakuficha kitu, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Minofu iliuzwa kwa bei ya chini kwa kampuni dada, yaani kampuni nyingine ya mwenye mali yule yule, iliyoandikishwa katika nchi isiyotoza kodi. Kampuni dada ndiyo iliyowauzia wazungu kwa bei kamili, ingawa samaki wenyewe hawakupita huko hata kidogo. Mashine za barafu zilikodishwa kutoka kwa dada mwingine. Mkopo wa kujenga ulitoka kwa kampuni mama, na riba ikarudi huko huko. Hata jina lililochapwa kwenye katoni lililipiwa mrabaha, yaani ada ya kutumia jina la mwenye kiwanda mwenyewe! Kila malipo yalihesabiwa kuwa gharama halali. Ukishayatoa yote, Homa Bay haikubakiwa na faida ya kutozwa kodi.

"Hii ni haki kweli?" nikamuuliza meneja.

"Bwana afisa, ni halali," akajibu. "Mengine waulize waliotunga sheria."

Nilirudi ofisini nikazunguka chumbani mpaka karani akaniomba nitoke nje. Sheria ilikuwa na kifungu kilichoturuhusu kurekebisha faida iwapo kampuni za ukoo mmoja zimeuziana kwa bei ambayo watu baki wasingeuziana. Lakini haikueleza bei hiyo ipimwe vipi. Nikampigia simu mkuu wa kanda kwamba nataka kuwakadiria kodi upya, akaniambia, "Ukitoa makadirio hayo wataweka pingamizi. Ukishinda, ofisi ya Homa Bay ni yako. Ukishindwa, usiniulize nitakutupa wapi." Nilikuwa na watoto shuleni pale, na nyumba ambayo nilikuwa nimeanza kuijenga Rodi Kopany. Nikatoa makadirio, nao wakaweka pingamizi. Nikakusanya bei za wauza minofu wengine, wale wasio na dada ng'ambo, nikaona nimewabana kabisa.

Siku ya kamati ya rufaa niliingia na faili kwapani. Upande wa kampuni aliketi meneja, na kando yake, kwa suti mpya, mshauri wao wa kodi. Alikuwa bosi wangu wa Migori.

Nikafungua faili na kuanza kueleza bei zangu. Hakunidharau. Alisubiri nimalize kusema, kisha akauliza taratibu, "Afisa, kifungu kinakuagiza upime bei kwa njia gani?"

"Kwa kulinganisha na wengine."

"Kimeandika hivyo?"

Hakikuandika. Akaendelea, "Na hao unaolinganisha nao, wanakopeshwa na nani? Samaki wakiozea njiani, hasara ni ya nani?" Niliyatambua maswali yake yote, maana ni yeye aliyenifundisha kuuliza hivyo. Kamati ikaona hali za wauzaji hao hazilingani na za kiwanda, ikafuta makadirio yangu kabla ya chakula cha mchana.

Alinifuata nje. "Usikasirike, omera. Umefanya kazi nzuri. Njoo tuwe pamoja, huku wanalipa vizuri."

"Mwanya huu wa sheria uliujua tangu Migori?"

"Niliujua. Niliwaandikia makao makuu wauzibe, tena si mara moja. Hawakujibu. Kampuni ilijibu."

Nikamwacha amesimama pale. Nilihamishwa mbali na ziwa, watoto wakabadilishwa shule, na nyumba ya Rodi Kopany ikakaa miaka bila paa. Sasa nimestaafu. Maafisa wa leo wana kanuni za kupima bei hizo, wananicheka kwamba tulipigana mikono mitupu. Wacheke tu. Bado nazunguka sebuleni, mke wangu analalamika kwamba nitamaliza saruji ya sakafu.

Mzee alipofariki, familia yake iliniomba niseme machache nikiwa mwanafunzi wake. Nilikuwa nimejaribu kumsamehe. Lakini nimsamehe nini? Hakuiba, hakudanganya, hakuvunja sheria hata moja. Nikasimama kando ya jeneza, nikasema, "Alinifundisha kazi," nikakosa la kuongeza, nikarudi kukaa. Waombolezaji walidhani machozi yamenikaba. Ilikuwa hasira, na sikuwa na pa kuipeleka.