Bwana Shamba na Wembe wa Baba Mdogo

Harufu ya mkojo wa simbilisi ikichanganyika na moshi wa kuni haitoki puani kirahisi. Nikiinusa hata leo, katika jiko la mtu yeyote, narudi mara moja kwenye jiko la mama yangu, kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Katandala. Tulikuwa tumehamia hapo mwaka uliotangulia, watu wa vilimani walipoambiwa wakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama wanafunzi. Nilikuwa darasa la nne, msichana wa aibu kiasi kwamba mwalimu akiniuliza jina nilijibu huku natazama vidole vya miguu. Kwa simbilisi sikuona aibu. Nilikuwa nao watatu chini ya uchaga wa mahindi, wanyama wadogo wasio na mkia, wanene kama viazi, wanaopiga miluzi wakisikia majani yanapasuliwa. Baridi ya Juni, ile inayoshuka Ufipa na upepo wake na kukausha midomo, iliwaua majike wawili. Akabaki dume peke yake, wa kahawia, mwenye mstari mweupe kutoka puani hadi kwenye paji la uso. Nilimwita Bwana Shamba kwa sababu kila fungu la majani lililoingia jikoni alilikagua yeye kwanza.

Miezi hiyo jikoni alilala pia Baba Mdogo Sabas, mdogo wake baba, kwa kuwa nyumba yake mpya ilikuwa haijaezekwa. Baba Mdogo alikuwa mhasi. Nguruwe, beberu, hata fahali, watu walimwita yeye, naye alikwenda na wembe wake uliofungwa kwenye kitambaa, akitembea kama padri anayepeleka komunyo. Alijisifu kwamba hakuna mnyama aliyepita mkononi mwake akaja kuitwa baba. Alinitania sana, akaniita Bubu mbele ya wageni, na watu wakicheka alirudia. Bwana Shamba alipobaki mjane alianza kunguruma na kupiga miluzi usiku akitafuta wenzake, na Baba Mdogo akawa anaamka na macho mekundu, akisema atakuja kumfunza adabu. Nilidhani ni maneno tu.

Nilirudi kutoka shuleni siku moja nikamkuta Bwana Shamba amejikunja pembeni ya mafiga, manyoya yamesimama, na majivu yaliyolowa damu yamegandamana katikati ya miguu yake ya nyuma. Baba Mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda akila kiporo cha viazi. Hakuacha hata kutafuna.

"Bwana Shamba amestaafu," alisema. "Sasa tutalala."

Nililia mpaka mama akanitoa nje. Alininong'oneza ninyamaze, kwamba yule ni baba yangu, na baba haulizwi na mtoto kwa nini amefanya. Baba mwenyewe alirudi jioni kutoka shamba la kijiji, akasikiliza, akasema simbilisi ni simbilisi, akanawa mikono ale. Hapo nilielewa kwamba hakuna mkubwa atakayenidaia haki yangu. Nikaichukua mwenyewe nikaiweka moyoni, nikawa nailisha kila siku.

Siku ya pili Bwana Shamba hakula. Nilimwekea majani ya maharage, akayageuzia mgongo. Alisaga meno, sauti ndogo kama mtu anayekwaruza sufuria mbali. Siku ya tatu kidonda kilivimba kikawa kama yai la njiwa, na uzi aliofungiwa alikuwa ameutafuna nusu. Kikaanza kunuka. Baba Mdogo alipita akachungulia, akasema nimpe mama amtie chumvi awe kitoweo kabla hajaharibika.

Nilimfunga Bwana Shamba kwenye kitenge cha zamani, nikaenda mstari wa mwisho wa nyumba, kwa Mama Tumaini. Alikuwa mwenyeji wa Mbeya, mke wa bwana mifugo, na jikoni kwake walikimbia simbilisi wengi kuliko kuku. Nilisimama mlangoni bila kubisha hodi mpaka akaniona mwenyewe. Alifungua kitenge, akatikisa kichwa. Mumewe alitaka kumchoma sindano ya penisilini ya ng'ombe, mkewe akamkatalia kabisa. Kwao aliwahi kuona simbilisi waliochomwa dawa hiyo, walikufa wote kwa kuhara. Alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe kidogo, akalainisha majivu yale, akakamua usaha taratibu, akakata uzi mchafu na kupaka dawa ya bluu. Bwana Shamba alipiga kelele mara moja tu, nami nilimshika kichwa huku nikisema moyoni jina la Baba Mdogo.

"Kidonda si kitu," Mama Tumaini aliniambia. "Hawa wanauawa na njaa. Tumbo la simbilisi likilala siku mbili, haliamki."

Basi akanifundisha. Nitwange majani mabichi na uji mwepesi wa ulezi, nimpe kidogokidogo pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nisimlaze tena kwenye majivu, nimtandikie nyasi kavu na kuzibadilisha. Mwisho akanipa jike mmoja kijana, mweupe wote, aliyekulia katika kizimba cha majike watupu, ili Bwana Shamba akimwona mwenzake anakula naye akumbuke kula. Nilipokuwa naondoka alificha mdomo kwa kanga, akacheka. Akasema dume akihasiwa hubaki na akiba ya mbegu kwa wiki kadhaa, kama mtungi uliopinduliwa unavyoendelea kudondosha, kwa hiyo nisishangae yule jike akinenepa. Ukipita muda huo, basi tena. Niliitikia kwa kichwa na kuliweka neno lile pamoja na vingine nilivyokuwa naviweka.

Nilimlisha asubuhi kabla ya shule, nikarudi mbio mchana, nikamlisha tena jioni. Siku ya kwanza uji ulimwagikia kidevuni. Siku ya pili alimeza. Siku ya tatu niliona vinyesi viwili vidogo kwenye nyasi, nikavifurahia kama mtu aliyeokota shanga. Kidonda kilifunguka mara moja zaidi, nikakiosha, kikafunga. Mpaka Julai inaisha alikuwa anakagua majani upya. Mwezi wa nane bwana mifugo alihamishwa wilaya nyingine, Mama Tumaini akapanda lori na mizigo yake, na jike mweupe akabaki kwangu. Tumbo lake lilikuwa limeanza kutanuka.

Alizaa watoto wanne, wenye manyoya na macho wazi kama ilivyo kawaida yao. Wawili walikuwa wa kahawia na mstari mweupe puani. Mimi niliyekuwa nazunguka njia ya porini ili nisikutane na watu, siku ile niliwatia watoto wale kwenye kikapu nikaenda nao kisimani, saa ambayo wanawake wote wanateka maji. Nilikiweka kikapu chini tu, nikaanza kujaza ndoo yangu. Waliuliza baba wa watoto hawa ni nani, nami nikasema Bwana Shamba. Kicheko kilifika nyumbani kabla yangu.

Wakati huo kijiji kilikuwa kinatafuta mtu wa kuhasi mafahali wa jembe la kukokotwa, na kuwalea mpaka wawe maksai. Ilikuwa kazi ya heshima. Anayeipata asingeshika jembe la mkono katika shamba la kijiji, na Baba Mdogo alikuwa ameshaanza kutembea kama amepewa. Kwenye mkutano jina lake lilipotajwa, alisimama mzee Silvesta, jirani yetu.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na Sabas," alisema. "Nauliza tu. Kama simbilisi amemshinda, fahali atamweza?"

Watu walicheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza. Akaniita mbele. Aliniuliza kwa upole kama ni kweli wale ni watoto wa yule aliyehasiwa. Baba Mdogo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba. Neno la Mama Tumaini, lile la akiba ya mbegu, lilikuwa kwenye ulimi wangu, zima, tayari. Lingemwokoa.

"Ndiyo," nilisema, nikatazama vidole vyangu.

Wakasema maskini mtoto, ana aibu, mwacheni akae. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule niliusikia mimi peke yangu. Kazi alipewa mtu wa kijiji cha jirani. Kuanzia wiki ile hakuna aliyemwita Baba Mdogo hata kwa nguruwe, na watoto walimpigia miluzi njiani. Alishika jembe la mkono hadi mgongo ukapinda.

Mwaka jana alipasuliwa ngiri. Nilikwenda kumuuguza nyumbani kwa binti yake, Malangali, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Siku hizi mtu anachomwa ganzi, daktari anavaa glavu, mshono unafunikwa kwa bandeji nyeupe, na kuna vidonge vya maumivu kila baada ya saa nane. Hakuna aliyemtia majivu. Hata hivyo alikunja uso kila alipojigeuza, nami nilikaa pembeni ya kitanda nikamtazama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Siku ya tatu alikuwa bado hataki kula. Nilimwinua kichwa, naye akanishika mkono.

"Leokadia," aliniambia, "wewe hujawahi kusema uongo. Yule simbilisi wako nilimtoa zote mbili. Nilizishika, hizi hapa kiganjani. Miaka yote hii najiuliza. Nilikosea wapi?"

Nilikuwa na jibu, sentensi moja tu, isiyozidi pumzi moja. Nikajaza kijiko, nikamwambia ale uji kabla haujapoa.