Waya Mmoja wa Manjano

Enzi zetu pale Kiplombe, TV haikuwa kitu cha mchezo. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokishona mama kwa mkono, na kabla ya kuitazama ulivua viatu nje, ukanawa miguu kwenye karai, ukaketi chini kimya. Nasi tulitoka kucheza mpira wa kati na kuviringisha tairi tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Hiyo miguu hapana!" mama alikuwa akisema, na karai linajazwa tena. Watoto wa siku hizi wanatazama wakiwa wamelala kwenye sofa, miguu imeelekea dari, na bado wanasema wamechoka. Wamechokea wapi, jamani?

Mwaka mmoja shangazi yetu aliolewa, kisha akahamia ng'ambo na mumewe. Alikuwa kitinda mimba wa Kogo, nyanya yetu mzaa baba. Macho ya Kogo hayakuwa yakiona tena, na siku ya arusi alikuwa amelazwa hospitalini. Kwa hivyo kanda ya video ilipotoka kwa mpiga picha, baba aliazima deki kwa rafiki yake ili Kogo angalau amsikie bintiye. Deki ilikuja bila nyaya. Baba akaenda mjini kununua.

Sasa, baba alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuna mtu angemwambia kitu. Muuzaji alimwonyesha nyaya tatu: wa manjano wa picha, mwekundu na mweupe za sauti. Akarudi na wa manjano peke yake, anacheka. "Ati waya za sauti! Sauti si iko ndani ya TV tayari? Kila jioni si naisikia ikisoma habari? Hawa watu wa mjini wanaweza kukuuzia hata kivuli chako."

Jumapili baada ya kanisa nyumba ilijaa watu thelathini hivi. Chai ilikuwa inachemka, mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, iko kwenye vikombe, mahindi yananukia mpaka barabarani. Kogo aliketishwa mbele kabisa, na leso mpya kichwani. Baba akabonyeza. Lo! Shangazi huyo, gauni jeupe, maikrofoni mkononi, midomo inacheza, na neno hata moja halitoki. Baba akaongeza sauti mpaka mwisho. Wapi!

Kogo akageuza kichwa huku na huku. "Ameanza kuongea?"

Roho iliniuma, nikatazama sakafu.

Mama, ambaye hakuruhusiwa kugusa mashine ya watu, akainuka bila kuomba ruhusa. Akauchomoa ule waya kwenye matundu ya manjano, akauchomeka kwenye meupe, nyuma ya deki na nyuma ya TV. Picha ikapotea. Sauti ya shangazi ikajaa nyumba nzima.

"Rudisha picha!" watu wakalia. "Hatujaona keki!"

Baba akamtazama mamake, akatutazama sisi. "Nyamazeni," akasema, kisha akairudisha kanda nyuma mpaka mwanzo wa hotuba.

"Mama," shangazi alisema, "najua leo hauko hapa. Asante kwa kunilea."

Kogo akanyoosha mkono kuelekea ile TV. "Nimesikia, mtoto wangu," akamjibu kwa nguvu, machozi yakimtoka huku anacheka. "Nimekusikia vizuri sana."

Mwezi jana nilinunua spika kubwa za sebuleni, nyumbani kwangu mtaa wa Pioneer. Nikarudi na mfuko mzima wa nyaya za kila rangi, maana nilishaapa sitapungukiwa waya tena. Kijana wangu akanicheka. "Mum, rudisha hizo zote. Siku hizi ni waya moja tu, inabeba picha na sauti." Na kweli, picha ni safi, madirisha yanatetemeka, na kila mtu yuko chumbani kwake na simu yake. Nikamsimulia jinsi tulivyokaa mbele ya TV nyeusi kwa ajili ya Kogo mpaka kanda ikaisha.

"Na hakuna mtu alienda zake?" akauliza.

Hakuna, nikamwambia. Hata mmoja.