Chupa Iliyobaki na Shaba

Idara nzima ya kemia ilimwita Mama Chupa, hata wale waliomzidi umri. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo vya maabara, kuvikausha na kuvipanga rafuni. Mtu akivunja chupa, Mama Chupa aliipa pole chupa kwanza, ndipo amgeukie mvunjaji.

Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu wakati mtafiti mmoja, binti aliyekuwa akisomea uzamivu, alipokuwa akihangaika na molekuli yake. Oksijeni tunayoivuta huishia ndani ya seli zetu, na huko kuna kimeng'enya kinachoigeuza kuwa maji. Katikati ya kimeng'enya hicho chuma na shaba vimekaa jirani. Binti alitaka kutengeneza molekuli ndogo ya kuiga kazi hiyo, ila yake iwe na chuma peke yake. Ugumu ni kwamba oksijeni ikigeuzwa nusunusu, hutoka kitu kikali kinachounguza seli. Kwa miezi kumi na minne molekuli yake ilitoa kitu hicho kikali tu.

Alhamisi moja ikatoa maji. Akarudia kupima mara tatu, maji matupu. Profesa wake, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, alicheka mpaka miwani ikamteleza, akaagiza chai kwa idara nzima. Mama Chupa alikunywa yake akiwa amesimama kando ya sinki.

Jumatatu asubuhi aliichukua ile chupa aliyoitumia binti kutengenezea molekuli yake, akaiinua dirishani kama kawaida yake. Ndani ya shingo aliona duara jembamba la kijani. Kijani kile alikijua: ni cha shaba. Wiki mbili nyuma chupa hiyo ilitumika kwa chumvi ya shaba. Siku ya kuiosha alipigiwa simu kwamba dada yake mkubwa amezidiwa, aende hospitali upesi. Badala ya kuilaza kwenye tindikali mpaka kesho yake, aliisugua kwa sabuni, akaisuuza, akaiweka pamoja na vyombo safi, akaondoka mbio.

Alikaa na jambo hilo siku mbili. Hakuna aliyemshuku, na kuisafisha ile chupa sawasawa kungechukua siku moja tu. Dada yake, ambaye sasa alikuwa amerudi nyumbani na kupata nafuu, alimwona akichezea chakula, akambana mpaka akasema. Kisha akamwuliza kama yule binti angeweza kugundua mwenyewe. Mama Chupa akajibu kwamba angegundua, lakini pengine baada ya kuchapisha, tena mbele za watu.

"Basi mwambie kesho," dada akasema. "Mimi ndiye niliyekutoa kazini siku ile. Aibu tutagawana."

Hakuanza kwa profesa. Alimfuata binti mezani kwake, akamwomba aketi.

"Mwanangu, ile chupa sikuilaza kwenye tindikali. Ilikuwa na shaba. Kosa ni langu."

Binti aliipokea chupa, akaligeuza lile duara mwangani. Aliuliza kama ana uhakika. Mama Chupa akamwambia kwamba kwenye kuosha ana uhakika. Hayo mengine ni ya wenye kusoma. Binti akatoka, akaenda kukaa ngazini karibu nusu saa. Mama Chupa hakumfuata. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na wakaenda kwa profesa pamoja.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Alimwandikia Mama Chupa barua ya onyo, akaisaini bila kumtazama usoni, halafu akaagiza jaribio lirudiwe tangu mwanzo. Kwenye chupa safi, chuma peke yake kilitoa kile kitu kikali. Binti akadondoshea shaba kidogo, maji yakatoka. Akapunguza shaba, akapunguza tena, bado maji. Kiasi kilichotosha kilikuwa kidogo mno, hata profesa akaomba apime kwa mkono wake.

Ile hoja ya chuma peke yake ikafa, na masomo ya binti yakaongezeka miezi tisa ambayo hakuipanga. Katika baadhi ya miezi hiyo alikuwa hamsalimii mtu. Lakini tasnifu aliyoandika ilihusu ile shaba kidogo, na siku ya kuitetea alimwalika Mama Chupa, naye akaja na dada yake, wakakaa safu ya nyuma.

Mtahini mmoja aliuliza wazo la kujaribu shaba kidogo hivyo lilitoka wapi.

"Mama anayetuoshea vyombo alikosea," binti akasema, "akaja kuniambia."

Watu waligeuka kutazama nyuma. Mama Chupa aliinamisha uso, dada akamsukuma kwa kiwiko ili anyanyuke. Alinyanyuka, hakujua mikono aiweke wapi, akaketi tena. Mtahini akamshukuru, kisha akafungua ukurasa wa pili wa maswali yake.