Mimi ndiye yule "fundi wa kienyeji" aliyelaumiwa kwenye ripoti ya solar ya Bulumbi

Wakuu, salamu kutoka Mella, upande wa Tororo, Uganda.

Nimesoma nyuzi za humu kimya kimya muda mrefu, leo nimeona na mimi niandike. Naandika na jicho moja, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa mnivumilie.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina ya wahusika nayataja. Jina la chuo naliacha, kwa sababu binti yangu bado yuko pale. Yeye tumwite Athieno.

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na kidogo. Shule niliacha P.5, darasa la tano. Kazi yangu ni betri na solar, na nilianza zamani, wakati watu walikuwa wanachaji betri ya gari wapate kusikiliza redio tu.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo moja lazima mlielewe.

Huku mpakani waya tunanunua vipande. Unakwenda Busia unaomba nyekundu na nyeusi, muuzaji anakwambia nyekundu imekwisha, chukua nyeusi mbili. Wiki ijayo unakuta iko kijani tu. Kwa hiyo sisi mafundi wa huku hatuamini rangi. Tunakata kipande cha tube ya baiskeli, tunakifunga fundo kwenye waya wa positive. Wa negative tunauacha mtupu.

Ingia nyumba yoyote niliyofunga solar, kuanzia Mella mpaka Bulumbi. Ukiona mpira, hiyo positive. Hata usiku unapapasa unajua. Hakuna aliyetufundisha, na hakuna nyumba iliyoungua.

Athieno amekua anakata hiyo mipira. Alikuwa mdogo, anakaa chini ya meza yangu na mkasi.

Akafaulu. Akaitwa chuo kikuu kusoma Physics, upande wa energy engineering. Jirani yangu mmoja akanicheka, "Owor, unampeleka mtoto chuo akasomee umeme, si ungemfundisha wewe hapa hapa?"

Nilimwacha acheke. Likizo Athieno alikuwa anakuja na madaftari, tunakaa. Siku moja akaniambia, "Baba, current ikipanda mara mbili, joto la waya linapanda mara nne."

Wakuu, mimi hiyo nne nimeishi nayo maisha yangu yote. Nimeinusa, imeniunguza vidole. Sikujua tu kwamba kuna watu wameiandika. Siku hiyo nilifurahi, sitadanganya.

Mwaka wa tatu wakapewa project. Wanafunzi wanne, msimamizi wao lecturer mmoja anaitwa Dokta Mugeni. Walitakiwa kufunga pampu ya solar kwa kikundi cha akina mama wanaolima nyanya huko Bulumbi. Betri nane kubwa, inverter, pampu kule chini kwenye bwawa.

Athieno akawaambia baba yangu anaijua hii kazi. Dokta akakubali.

Kazi ya kufunga ikanichukua siku mbili. Betri niliziweka kwenye sanduku la mbao chini, mbili mbili, kila jozi na waya zake mbili. Waya zinapita ndani ya bomba zinatokea ukutani, kwenye ubao, na pale ndipo zinaunganishwa pamoja. Sikilizeni vizuri hapa: ukiwa umesimama kwenye ubao, huwezi kuona waya gani umetoka kichwa gani cha betri. Na waya zote zilikuwa nyeusi. Kinachokuambia ni mpira peke yake.

Jozi tatu nikaziunganisha pale ubaoni, nikazipima, zikawa sawa. Jozi ya nne nikaiacha inaning'inia, kwa sababu betri zake zilikuwa zinahitaji kuongezwa maji.

Siku ya tatu Dokta Mugeni akafika asubuhi. Wageni wa mradi kutoka mjini walikuwa wanakuja saa nane. Akaangalia ubao, akashika mpira kwa vidole viwili kama mtu ameshika panya.

"Hii takataka ni ya nini?"

Athieno akasema, "Ni alama ya positive, Dokta. Huku mafundi wote..."

"Athieno, uko mwaka wa tatu. Unataka wageni waone tube ya baiskeli kwenye project ya chuo? Huu ni uganga?"

Wale wanafunzi watatu wakacheka. Akanigeukia mimi. "Mzee, usinielewe vibaya. Lakini hapa tunafanya physics."

Nikamwambia, "Na physics yako, Dokta, usiku bila taa nitaishikaje?"

Wakacheka tena, safari hii mimi ndiye nachekwa. Mama Nabwire, mwenyekiti wa kikundi, ndiye peke yake aliyenitetea. Akasema kwa sauti, "Mwache fundi wetu. Wewe na hivyo viatu, bwawani hata hujafika."

Dokta akanituma Busia nikalete maji ya betri. Athieno akamtuma chini kwenye pampu. Ubaoni akabaki Dokta na kijana wa maabara ya chuo, anaitwa Barasa.

Yaliyofuata sikuyaona. Aliyeyaona ni Mama Nabwire na wenzake. Dokta alimwambia Barasa aondoe mipira yote, aweke tepu nyekundu na tepu nyeusi, ionekane kitaalamu. Barasa akachukua kisu, akakata mipira yote kwa mpigo mmoja, akaitupa chini.

Halafu wakaletewa chakula. Wakala.

Baada ya kula ndipo Barasa akashika tepu. Zile jozi tatu zilikuwa zimeshafungwa kwenye ubao, hakukosea. Ile ya nne inaning'inia, nyaya mbili nyeusi, zinafanana kama mapacha. Hakuchukua mita. Mama Nabwire anasema alizitazama kidogo, akachagua.

Akachagua vibaya.

Mimi nikarudi saa nane kasoro, jasho, dumu mkononi. Wageni wameshafika wamesimama. Nikafungua sanduku, nikaongeza maji. Dokta akasema mbele ya watu, "Haya, mzee wa tube, tuunganishie hiyo ya mwisho tuone maji."

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika huko chini: kwa nini hukupima?

Swali zuri. Nimejiuliza hilo nikiwa nimelala, nikiwa nakula, nikiwa kanisani. Mita ilikuwa mfukoni. Mita yangu imepasuka, nimeifunga na mpira ule ule wa tube. Nilikuwa nimechekwa mara mbili asubuhi ile. Niliona haya kuitoa mbele ya wageni.

Nikaangalia waya, nikaona tepu nyekundu safi ya chuo. Miaka yote siamini rangi. Siku ile niliamini.

Nikaunganisha.

Mkishika betri iliyogeuzwa mkaifunga na nyingine zilizo sawa, hakuna kinachozuia tena. Moto wote wa betri unatoka kwa wakati mmoja. Cheche iliruka ubaoni, na pale chini sanduku liko wazi, betri zinatoa gesi. Niliona nyeupe. Kishindo nadhani kilinifikia baadaye. Halafu uso wangu ukaanza kuliwa na asidi.

Wasomi wote wakarudi nyuma. Nasema wote. Aliyekuja mbele ni Mama Nabwire na kopo lake la kumwagilia nyanya. Akanilaza chali, akanimwagia maji usoni, kopo baada ya kopo, wenzake wanamletea, na yeye ananipigia kelele, "Fungua macho Owor! Fungua, mjinga wewe, usifumbe!"

Athieno akaja mbio kutoka bwawani, akanishika kichwa.

Walinipeleka hospitali ya Masafu. Daktari pale akaniambia jicho la kulia limepona kwa sababu ya yale makopo. La kushoto lilikuwa limeshakwenda.

Sasa wakuu, hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Jicho ni ajali. Fundi yeyote anajua siku moja kazi inaweza kukurudia. Kilichofuata hakikuwa ajali.

Dokta Mugeni hakuja kuniona hata mara moja. Alichofanya ni kuandika ripoti. Athieno akaja nyumbani nayo, akanisomea, anatafsiri taratibu. Inasema ajali ilisababishwa na fundi wa kienyeji asiye na elimu, aliyetumia alama zisizo za kitaalamu. Barasa hayumo. Tepu haimo. Kisu hakimo.

Chini kuna nafasi nne za sahihi. Tatu zimeshajazwa na wale waliokuwa wanacheka.

Asiyeweka sahihi, project yake haipewi maksi. Na bila project hakuna degree.

Jioni ile Dokta akanipigia simu. Mara ya kwanza tangu niungue. "Mzee, pole. Ile ni lugha ya ofisini tu. Wewe hutapoteza kitu. Msaidie mtoto wako."

Hutapoteza kitu! Anamwambia mtu mwenye bandeji usoni.

Lakini niwaambie ukweli, nikamwita Athieno nikamwambia weka sahihi.

Akasema, "Baba, hii karatasi inasema ni wewe."

"Najua inasema nini. Weka sahihi umalize shule."

"Na watu wakija kuuliza?"

"Nani atakuja kuniuliza mimi? Mimi ni P.5. Jina langu halina kazi kwenye karatasi. Lako linayo."

Akaikunja ile karatasi. Nikapandisha sauti, nikasema maneno ambayo mzazi hapaswi kusema. Nikamwambia nimeacha jicho Bulumbi kwa sababu ya project yako, sasa unataka na degree ipotee?

Akainuka akaenda kulala. Asubuhi alikuwa ameshapanda gari kurudi chuo.

Hakuweka sahihi. Akaandika kurasa zake mwenyewe akampelekea Dokta. Dokta akazikataa. Wenzake watatu wamevaa joho, tumeona picha kwenye simu. Yeye ameambiwa arudie project mwaka mzima.

Tulikaa wiki nyingi hatusemezani. Mama yake ndiye alikuwa anabeba maneno, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka akachoka akasema, "Mimi si simu yenu."

Ndipo nikamwomba Athieno anisomee zile kurasa zake. Akasoma. Kuna mchoro wa ubao, kuna hesabu za ule moto ulivyopita. Akasoma kwamba Dokta Mugeni aliamuru alama ziondolewe kabla jozi ya nne haijapimwa. Akasoma kwamba Barasa alikata zote na kuweka rangi kwa kukisia. Alama ya mpira, akaandika, ilikuwa inafanya kazi sawasawa mpaka ilipokatwa.

Nikawa natikisa kichwa, vizuri, vizuri.

Halafu akasoma kwamba fundi Owor aliunganisha bila kupima, wakati alikuwa na mita mfukoni.

Nikamwambia, "Hilo nalo umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Mimi baba yako?"

"Hukupima, Baba."

Wakuu, niliumia kuliko asidi. Nikatoka nje nikakaa na betri zangu mpaka nikatulia. Na nilipotulia nikaona: huyu mtoto hajanitetea mimi. Ameandika kilichotokea. Angeniacha mimi nje, Dokta angesema ni binti anamtetea babake. Alipoandika na kosa langu, Dokta hana pa kumshikia, ndiyo maana hataki karatasi ile ifike kwa wakubwa wake.

Kwa hiyo na mimi siwezi kuandika kwa upole kuliko yeye. Wahusika ni Mugeni, Barasa, na mimi Owor. Tofauti ni kwamba mimi nimelipa, wao bado.

Funzo kwa vijana mnaosoma na kwa mafundi wenzangu: alama ya mtu usiyoielewa usiikate, muulize kwanza. Na ukichekwa, toa mita yako hivyo hivyo ilivyopasuka, upime. Kicheko kinaisha jioni ile ile. Jicho halirudi.

Sasa naomba msaada. Kama kuna humu anayejua mwanafunzi anavyokata rufaa chuoni, barua inaandikwa kwa nani, inapitia wapi ili isiishie kwenye meza ya mtu anayelalamikiwa, aandike hapa chini. Mama Nabwire na wenzake wako tayari kusema walichoona. Hata wenye kunilaumu karibuni, nimeshajilaumu sana, nitasoma yote.

Lakini msichelewe. Athieno anaanza kurudia mwezi ujao. Barua ya kumpangia msimamizi imeshatoka, na msimamizi aliyepangiwa ni Dokta Mugeni.