Kazi Niliyomtafutia Kiziwi

Mimi ndiye niliyempeleka yule mwanamume kwenye msumeno uliomkata vidole. Nasema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia njiani.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo karibu na Kinoru, ya kuwatafutia ajira watu wenye ulemavu. Alikuja na kakake mkubwa. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, kiziwi tangu utotoni, shati limepigwa pasi, amechoka kuchunga ng'ombe wa baba yake. Alikuwa amesoma shule ya viziwi miaka michache, kwa hiyo lugha ya ishara aliijua vizuri. Mimi sikuijua. Kakake hakuijua pia; nyumbani walikuwa na ishara zao chache za chakula, mifugo na mvua.

Shule aliyosomea ilikuwepo, mwalimu wake alikuwepo, na simu nilikuwa nayo. Lakini huku kwetu anayesema ni mkubwa, kwa hiyo nikamgeukia kaka.

"Madam, huyu hana shida," akasema. "Kazi yoyote utampea, atafanya tu."

Nikajaza kwenye fomu kwamba amekubali kazi yoyote. Nikamshika mkono, nikambonyezea kidole gumba kwenye wino.

Wazo la mashine ya kupasua mbao huko Muthara lilikuwa langu, na nililionea fahari. Wafanyakazi wengi walikuwa wakitoroka pale kwa sababu ya kelele. Sasa kiziwi kelele itamfanya nini? Wenzangu ofisini walicheka, wakaniambia nina akili. Mwenye mashine alifurahi zaidi. Yule kiziwi akapewa kazi ya kupokea mbao zinapotoka upande wa pili wa msumeno.

Wiki ya tatu nilienda kumwona. Nilimpiga picha ya ripoti. Akanivuta kwa mkono wa sweta mpaka karibu na mashine, akaonyesha msumeno, akaonyesha macho yake, akasimama mahali fulani mbele yangu na kuinua mkono juu. Akarudia yote, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa.

"Anasema nini?" nikamuuliza mwenye mashine.

"Ah, ako tu sawa. Ameshazoea."

Nikaandika: ameridhika. Kisha nikaenda kunywa chai.

Miti inayopasuliwa pale ni ya mashambani, na sisi watu wa huku tunapigilia seng'enge kwenye mti wowote uliosimama mpakani. Mti unakua, unameza misumari. Msumeno ukigusa msumari, sauti yake hubadilika ghafla, na kila aliye karibu huruka nyuma kabla ya kufikiri. Siku ulipogusa msumari, mwezi wa tatu wa kazi yake, wote waliruka. Yeye alibaki ameshika ubao, nao ukamvuta. Mkono wa kulia ulibaki na kidole gumba peke yake.

Hapo ndipo nilipompigia mwalimu simu.

Alikuja hospitalini, mama mnene mwenye haraka, akaketi kitandani bila kunisalimia. Walizungumza, mgonjwa akitumia mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umefungwa bandeji nene. Mwalimu alikuwa akimwomba arudie mara kwa mara. Mwishowe akanigeukia.

"Anasema alikuambia. Alitaka mtu mmoja asimame pale anapoweza kumwona, ainue mkono mashine ikibadilika. Hiyo tu. Anasema ulitikisa kichwa, akajua umekubali."

Kweli nilikuwa nimetikisa kichwa. Ndivyo ninavyofanya nisipoelewa mtu na nikiwa na haraka ya kuondoka. Nilitamani kujitetea, nikaona aibu ya kuanza. Nikamwambia mwalimu amuulize angependa kufanya kazi gani akipona. Miezi yote ile, lilikuwa swali la kwanza nililomuuliza yeye mwenyewe.

Mwalimu alipomuuliza, mgonjwa akainuka kidogo kwenye mto. Akainua mikono yote miwili, wa kushoto ukaanza kufanya jambo, bandeji ikaufuata ikiyumba. Akajaribu tena. Kisha akaishusha juu ya blanketi na kugeuza uso kuelekea ukutani.

"Amesema kazi gani?" nikauliza.

"Sijui," mwalimu akasema. "Hilo neno linataka vidole vya mikono yote miwili."