Mahindi ya Marekani

Mama mkwe aliniuliza vita vinawezaje kuwa baridi. Nikamwambia ni kama yeye na jirani yake wa kisimani: hampigani, hamsalimiani, na kila mmoja anawajaza watu maneno juu ya mwenzake. Akaelewa mara moja, tena akanuna.

Neno hilo lililetwa nyumbani na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa mwalimu, na ndiye peke yake aliyekuwa na redio kijijini kwetu, ndani huko nyuma ya Matuga. Jioni alisikiliza Moscow, akimaliza anahamia Peking, na huko kote watu walizungumza Kiswahili kizuri kuliko wakubwa wetu wa Nairobi. Uhuru tulikuwa tumeupata juzi tu, naye tayari alijua nani anataka kutunyang'anya. Ubeberu, ukoloni mamboleo, kambi ya Mashariki, kambi ya Magharibi. Mimi nilimshuku, kwa kuwa mtu anayejua majibu yote bila kuuliza swali hata moja hunitia wasiwasi.

Mwaka ule mvua zilitukimbia. Binti yangu, niliyekuwa nimemwachisha ziwa si zamani, alianza kuvimba miguu na nywele zikageuka rangi. Ikatangazwa kwamba mahindi ya msaada kutoka Marekani yatagawiwa Matuga. Tulipoyaona yalikuwa ya manjano. Sisi tuliyajua mahindi meupe.

"Beberu hatoi bure," shemeji akasema. "Hana haja ya bomu hapa. Atakula uzazi wenu kimya kimya."

Kabla ya wiki kwisha habari ilikuwa imefika Waa: mwanamke akila unga ule hazai tena.

Wakubwa wa ofisi ya wilaya wakaona heri watupikie mbele ya macho yetu. Afisa aliyekuja alikuwa kijana wa bara, mpole, viatu vinang'aa. Ugali ulipoiva, mzee mmoja akamkatia tonge la kwanza. Kwetu mwenye kutoa ndiye anayeonja. Hata kata ya maji, anayekupa hupiga funda kwanza mbele yako, nawe ukanywa moyo umetulia. Yule kijana akatikisa kichwa akitabasamu. "Mimi nimeshiba, wazee. Wapeni watoto."

Wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakajifunga kanga, wakaenda zao. Miaka mingi baadaye jirani yangu wa bara alinieleza kwamba kwao mtu aliyeshiba kugusa chakula cha wenye njaa ni aibu kubwa. Siku ile sisi tuliona mtu anayekwepa sumu yake mwenyewe, na mimi niliona hivyo hivyo.

Hata hivyo nilirudi na kibaba changu cha unga chini ya kanga. Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa na mtoto pia.

Mume wangu alifanya kazi bandarini Mombasa. Alikuja Ijumaa, akakaa na ndugu yake, akatoka na amri. "Usiuguse unga huo. Mimi nataka watoto, sitaki gogo ndani ya nyumba." Jumapili akarudi Mombasa, kwenye wali wake.

Mama mkwe akajitolea kuonja. "Mimi uzazi umekwisha zamani, wataniua nini?" Akala, akashiba, akalala, akaamka salama. Lakini tukatazamana, kwa sababu sote wawili tuliona upesi kwamba kuonja kwake hakukuthibitisha lolote. Tumbo lililoogopewa lilikuwa langu. Na binti yangu naye alikuwa mwanamke mtarajiwa. Nisingeweza kumtia kinywani kitu nilichokiogopa mwenyewe.

Shemeji alikuwa mlangoni akinikumbusha kwamba tembo wakipigana zinazoumia ni nyasi. Methali hiyo siipendi. Nyasi hazina mtoto anayelia.

Nilikata tonge, nikalitia mdomoni, nikameza huku mama mkwe akinitazama koo. Ulikuwa na utamu wa mbali, si mbaya. Kisha nikamkatia mwanangu. Alikula kwa mikono miwili.

Miguu yake ikanywea, nywele zikarudia weusi wake. Mimba haikuja. Kila mwezi mama mkwe alilitazama tumbo langu pasipo kusema, na shemeji akasema kwa niaba ya wote: Marekani imenimaliza. Wenzangu wengine walikuwa wamekula kwa kificho, nao wakajifungua, lakini hao hawakuhesabiwa. Nililia sana miezi ile. Mataifa mawili makubwa yalikuwa yanagombania tumbo langu, na mimi mwenyewe nilianza kuamini kwamba moja limeshinda.

Haukupita mwaka, mume wangu akatangaza kwamba kwa hali hiyo ameona aoe mke mwingine, mtu wa Likoni. Hakuna aliyemlaumu. Aliharibiwa mke na beberu, maskini, angefanyaje?

Akamleta nyumbani kumtambulisha. Bibi harusi aliingia uani kwa heshima, ameshika mkono mtoto wa kiume mwenye uso wa mume wangu, na mtoto akauachia mkono wa mama yake, akatembea mwenyewe mpaka mbele ya mama mkwe, akasema vizuri kabisa, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," mama mkwe akajibu. Akamtazama mtoto mdomoni, meno yamejaa. Akamgeukia mwanawe.

"Huyu," akamwuliza, "Marekani walimleta lini?"