Leso Niliyoifukiza Udi

Mimi nina pua ya kiburi. Tangu usichana wangu, kitu kikinukia nakiona kisafi, kikinuka nakiona kichafu, na hapana aliyeweza kunibishia. Pua hii ndiyo iliyomharibia wifi yangu maisha. Nayasema leo, nimekuwa kizee, maana waliopaswa kuyasikia wamekwisha kwenda zao.

Ilikuwa miaka ile ya vita. Tulikaa Likoni, mume wangu akipakua mizigo bandarini. Nguo zilikuwa adimu; ukienda dukani unaonyeshwa rafu tupu na kuambiwa ungoje meli. Doti moja ya leso iliyopatikana nilikata na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, kama wafanyavyo wanawake wapendanao: kipande kimoja chake, kimoja changu. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake Mtongwe, ameposwa, na harusi imebakisha mwezi. Nikamwahidi, "Siku yako kipande changu nakupa, wifi, uvae doti nzima." Alifurahi mpaka akanilamba shavu, mwendawazimu yule.

Ndipo ndui ilipoingia. Mume wangu alirudi kutoka kazini anatetemeka, nami nikamfunika kwa kilichokuwa karibu, leso yangu. Aliilalia na kuigaragaria mpaka vipele vikamtoka usoni na mikononi. Bwana afya akaja, akamchukua kumpeleka karantini, nami akaniachia maagizo na chupa ya dawa nyeusi kama lami, ambayo ukiitia majini hugeuka nyeupe kama tui.

"Mkeka uchome," aliniambia. "Dawa hii ni ya sakafu na choo. Kikombe kimoja kwa debe zima la maji, usizidishe. Nguo zote alizojifunika zichemshe mpaka zitokote, kisha uzianike juani."

Jirani yangu, aliyepewa chupa kama yangu, aliona kikombe kimoja ni ubahili. Aliimwaga kavukavu sakafuni akaisugua kwa miguu mitupu. Masikini, nyayo zilimchubuka akawa anatambaa wiki nzima. Mimi nilipima kikombe changu sawasawa. Nilipiga deki nikiwa nimejiziba pua, mkeka nikauchoma, shuka na kikoi nikavitokosa mpaka nikachoka kuchochea kuni. Yote niliyatii, ila leso.

Leso ile ilikuwa rangi ya damu ya mzee, na rangi zile za wakati wa vita zilikuwa hazina imani. Ukiichemsha tu, inachujuka. Nikawaza: kipande cha wifi kitang'aa, changu kitapauka, naye atatoka mbele ya watu amevaa doti yenye rangi mbili. Watasema nimempa dekio. Wallahi, aibu hiyo niliiona kama imekwisha kunifika.

Basi nikatoa udi uliobaki wa harusi yangu. Nikapalia makaa kwenye chetezo, nikaweka tundu juu yake, kile kitenga cha fito cha kufukizia nguo, nikatandika leso. Siku tatu mfululizo niliifukiza, udi na ubani. Mama yangu alifukiza hivyo, na bibi yangu, nguo za uzazi, nguo za msiba, zote. Ikanukia hata nikajisifu.

Bwana afya alipopita tena alisimama mlangoni akanusa. "Mama, umefukiza nguo?"

"Nimefukiza nyumba tu."

"Udi ni wa pua, mama. Ndui haina pua. Nguo umechemsha?"

"Wallahi nimechemsha zote."

Niliapa. Nilimwapia Mungu kwa ajili ya kipande cha leso, kisha nikamcheka kisogoni: huyu kijana wa bara ajua nini habari za udi?

Nilivuka mashamba mwenyewe kuipeleka Mtongwe. Wifi yangu aliipokea kwa mikono miwili, akauzamisha uso wake mzima ndani, akavuta pumzi. "Ewe wifi yangu! Hapa nimekwisha kuwa bibi harusi." Alijifunika nayo kichwa, na usiku wake, shangazi aliniambia baadaye, alilala nayo.

Hazikupita wiki mbili, akashikwa na homa. Hakufa. Uso ule uliharibika wote, na jicho la kushoto likapotea. Upande wa bwana harusi wakatuma mtu na maneno mazuri mazuri, na posa ikavunjika. Mume wangu, aliyepona akabaki na makovu machache tu, akamleta dada yake akae kwetu.

Baadaye nilisikia kwamba watu wa kuchanja walipofika Mtongwe yeye alijificha, asitiwe kidonda mkononi karibu na harusi. Lo! Nilivyoushika udhuru huo! Miaka mingi nilijiambia, mwenyewe alikataa kuchanjwa. Lakini mtu hajui uwongo wake? Nami naujua wangu.

Alinilelea watoto wote watano. Hakuolewa. Nikimpa kipande kizuri cha samaki alikuwa akicheka, "Wifi, wanidekeza kama una deni kwangu," nami najidai kufunika chungu. Mara ngapi nilifungua kinywa nimwambie, nikamwuliza kama chai imemtosha.

Binti yangu mkubwa alipoposwa, wifi yangu alifungua sanduku lake, akatoa doti ya leso iliyokunjwa vizuri, akaitandaza kitandani. Niliijua kabla haijaisha kukunjuka. Damu ya mzee ilikuwa imekuwa waridi hafifu.

"Huyu ni mwanangu pia," alisema. "Namtunza doti yangu. Nilipougua, shangazi alizitia zote mbili katika debe moja akazitokosa. Tazama, zimechujuka sawasawa. Sasa hata mimi sijui kipi kilikuwa chako na kipi changu."

Nikazitazama. Vipande viwili, rangi moja. Ningalimwomba chake, nikakitia debeni pamoja na changu, harusi yake ingalikuwa na doti iliyopauka, na uso wake mzima.

"Mbona walia, wifi?" aliniuliza, akinisogezea lile jicho moja.

Nikamwambia ni furaha. Alikufa akiamini hivyo.